Kijani haiko uzima: juu ya namna tunapima mito ya Lubumbashi

Wandugu, na zaidi nyinyi bafinalisti munaoanza kutafuta mada ya memwari, leo nataka tukosoe kitu kimoja ambacho tunakitumia kila mwaka bila kukiuliza swali: namna tunapima afya ya mto. Mu memwari nyingi za agronomi, za mazingira na za jiografia, na mu ripoti za mabiro ya utafiti, njia ni ileile. Kwanza picha ya satelite iliyopakwa kijani, njano na nyekundu. Kisha fishi ya tereni yenye alama, iliyojazwa kwa saa moja pembeni ya daraja. Mwisho sentensi moja: makao ya viumbe mu kijito hiki ni mazuri, ao ya katikati, ao mabaya.

Neno langu ni hili. Vyombo hivi viwili, vile tunavyovitumia hapa kwetu, vinakosea upande uleule. Vikiona kijani, vinaandika uzima. Vikiona mama na jembe yake, vinaandika uharibifu. Na kile ambacho kinatisha mito ya Lubumbashi kupita vyote, yaani asidi na metali kutoka viwanda na migodi, havina hata kisanduku cha kukiandikia. Sisemi tuvitupe. Minasema tujue vinaonaka nini, na vinapitaka nini bila kukiona.

1. Fishi

Fishi ambayo minaona mara nyingi mu memwari ni ile ya EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira. Iko mu kitabu cha Barbour, Gerritsen, Snyder na Stribling, toleo la pili, mwaka 1999. Unachagua kipande cha mto, tuseme mita 100. Unatembea na kuangalia vitu 10: mawe na miti iliyoanguka mu maji, ambamo samaki na wadudu wanajificha; kama mawe yamezikwa na mchanga; kasi na kina cha maji; tope linalojikusanya; kama maji inajaza njia yake; kama watu wamenyoosha ao wamechimba mto; ni mara ngapi maji inapita juu ya mawe kwa kelele; uimara wa kingo; mimea inayofunika kingo; na upana wa ukanda wa mimea pembeni. Kila kitu kinapata alama kutoka 0 mpaka 20. Jumla ni 200.

Fishi hii iko na uzuri wake, na haifai kuuficha. Haiombi mashine. Inafundisha macho. Mtu aliyeijaza mara kumi hawezi tena kupita juu ya daraja akaona paka maji. Anaona kingo inayobomoka, anaona mchanga unaofunika mawe, anaona mto uliolazimishwa kunyooka. Kwa kijana aliyemaliza masomo yake mu auditorio ya watu mia nne, hiyo ni faida kubwa.

Lakini tufanye hesabu. Chukua vipande viwili vya kijito, vyote vya mita 100. Cha kwanza kiko chini ya miti mikubwa, mushitu ya zamani ao hata eukaliptusi. Kingo zimesimama, mawe yako, hakuna bustani, hakuna mtu. Juu yake, kilomita mbili hivi, iko mahali pa kusafishia madini. Cha pili kiko mu dembo, maji yake inatoka ku chemchemi safi, lakini bamama wamelima lengalenga na shu mpaka pembeni kabisa. Kwa upana wa ukanda wa mimea, fishi inatoa alama zote kama ukanda unapita mita 18, na inatoa za chini kabisa kama haufiki mita 6. Basi kipande cha pili kitaanguka hapo, kitaanguka tena ku mimea ya kingo, kitaanguka tena ku uimara wa kingo. Hivyo vitatu peke yake ni alama 60 kati ya 200. Kipande cha kwanza kitapanda juu karibu ku kila mstari, hata kama mu maji yake hakuna mdudu mmoja anayepumua.

Na msitegemee macho kuwaokoa. Maji yenye asidi mara nyingi ni angavu, juu mwani umekufa na uchafu mdogo umeshuka chini. Unaona mawe mpaka chini, unasema: maji gani muzuri hii! Kumbe ni maji iliyonyamaza.

Je, tuwalaumu Wamarekani? Hapana. Ukifungua kitabu chao chote, utakuta fishi ya makao ni sehemu moja tu. Pembeni yake kuna namna ya kukusanya wadudu wa chini ya maji, mwani na samaki, na kuna fishi ingine ya kuandika pH, joto, oksijeni na uwezo wa maji kupitisha umeme. Waandishi walitaka vitu hivi vitembee pamoja. Siye njo tulipasua ukurasa mmoja, tukaupeleka ku fotokopi, tukaacha kitabu. Ukurasa uliopasuliwa unaendelea kutoa alama, na alama inaendelea kuonekana kama sayansi.

Iko na shida ya pili, ndogo lakini inarudi kila mara. Kitabu hicho kina fishi mbili: moja ya mito ya mteremko, ingine ya mito ya tambarare. Mu memwari nyingi unakuta ile ya kwanza, hata pale kijito kinatembea polepole mu majani ya dembo. Dembo kwa asili haiko na mawe yenye kelele. Ukiipatia alama 3 juu haina mawe, umeiadhibu dembo juu ni dembo.

Shida ya tatu ni nzito zaidi: mfano wa kulinganisha. Alama 140 haina maana kama hujui mto mzima wa nchi hii unapata ngapi. Wenzetu wa ngambo wanatafuta kwanza mito ambayo haijaguswa sana, wanaipima, kisha wanalinganisha. Siye tunalinganisha na nini? Wengine watasema tuende ku mbuga ya Kundelungu ao ku Upemba. Ni wazo zuri, lakini mito ya juu ya uwanda wa Kundelungu haina udongo sawa na wa Lubumbashi. Na hapa kwetu shaba iko mu mawe tangu kabla ya mtu wa kwanza. Paul Duvigneaud aliandika mwaka 1958 juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wa metali. Haumaniastrum katangense, ua ambalo wanajeolojia wanalijua kama ishara ya shaba, halikungoja kiwanda ili liote. Kwa hiyo kijito cha mfano wa Haut-Katanga hakiwezi kuwa na shaba sifuri. Kinatafutwa juu ya mgodi, mu udongo wa aina ileile, na kazi hiyo hakuna fishi ya kigeni itakayotufanyia.

2. Satelite

Sasa tupande juu. Picha za Landsat zimekuwa za bure tangu mwaka 2008. Sentinel-2 ya Ulaya inapiga picha tangu 2015, pia bure, na kwa satelite mbili inarudi juu ya Lubumbashi kila siku 5. Mwanafunzi asiye na faranga ya taxi anaweza kukaa mu sibe, akashusha picha, akatengeneza ramani. Tusiseme ni uvivu. Nauli ya kufika ku Kafubu na kurudi mara nane, buti, chakula cha wenzako wawili, vyote hivyo ni pesa. Ramani inaomba paka megabaiti. Njo maana memwari nyingi zinabaki juu ya mawingu.

Lakini hesabu ya shule ya msingi inatosha kuonyesha mpaka wake. Pikseli ya Sentinel-2, ile ndogo zaidi, ni mita 10 kwa 10, yaani mita mraba 100. Kijito cha mita 3 kikipita katikati yake, kinachukua mita mraba 30. Zile 70 zingine ni kingo, majani, njia ya miguu, bustani. Ku Landsat ni mbaya zaidi: pikseli ni mita 30 kwa 30, kijito chako kinachukua sehemu moja kati ya kumi. Na kama miti inafunika maji, satelite haioni maji hata kidogo. Ule ukanda wa mita 18 ambao fishi inaomba haufiki hata pikseli mbili. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwamba "alipima ubora wa kijito kwa satelite", ujue kwamba alipima majirani ya kijito.

Na anawapima kwa nini? Mara nyingi kwa NDVI, ile hesabu ya mwanga mwekundu na mwanga usioonekana ambayo inatoa namba kati ya -1 na 1. Kadiri jani ni bichi, namba inapanda. NDVI inaona majani mabichi, basi. Haiulizi jani gani, nani alilipanda, liko mu udongo gani.

Hapa agronomi inapaswa kusema neno. Lubumbashi iko na masika kutoka mwezi wa 11 mpaka wa 3, na kipwa kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9. Picha nzuri, bila mawingu, ni za kipwa, njo kila mtu anatumia za mwezi wa 7 ao wa 8. Wakati huo majani yamekauka, moto umepita, miombo imeanza kuangusha majani yake. Ni nini kimebaki kijani pembeni ya mito? Mushitu, kama bado iko. Na bustani za maraishe zinazomwagiliwa asubuhi na jioni. Ku ramani, vitu hivi viwili vinatoka na rangi moja. Lengalenga ya wiki tatu inaweza kung'aa kupita mti wa miaka mia. Mwanafunzi anaandika: "mimea ya asili ya kingo iko mu hali nzuri". Akishuka ku tereni na fishi, palepale, anaandika: "kingo zimeharibiwa na kilimo". Ni mahali pamoja, siku moja, mtu mmoja, majibu mawili, na yote mawili yanaingia mu memwari bila kusalimiana.

Mfano mkubwa zaidi uko upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha shaba, kile kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911. Upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka mingi ulianguka upande huo. Ku Penga Penga udongo ulibaki uchi. Watafiti wa Fakilte yetu ya Agronomi, Shutcha na wenzake, walitangaza mwaka 2010 jaribio la kupanda majani matatu ya kwetu pamoja na chokaa na mboji, ili udongo ule usipeperuke na usishuke mu maji. Moja ya majani hayo ni Rendlia altera, ambayo kwa asili inaota ku udongo wenye shaba. Kazi nzuri sana. Lakini fikirini satelite itasema nini pale majani haya yamefunika mahali: kijani kimerudi! Ndiyo, kimerudi, na shaba iko palepale chini yake. Lengo lilikuwa kuifunga shaba mu udongo, na majani hayaondoi shaba. Asiyejua hilo atasoma ramani kama habari ya kupona.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Satelite inaona vitu ambavyo mguu hauwezi. Inaona bonde lote kwa mara moja. Inaona mushitu ikipungua mwaka kwa mwaka, mitaa mipya ikishuka mpaka mu dembo, mabwawa ya takataka za migodi yakipanuka. Kitabu "Anthropisation des paysages katangais", kilichosimamiwa na Bogaert, Colinet na Mahy mwaka 2018, kinaonyesha ni nini inawezekana kufanya pale picha za juu na kazi ya tereni zinafanywa na watu wanaojua nchi. Somo la kitabu hicho kwangu ni kwamba picha ya satelite ni chombo cha mandhari. Mandhari inasaidia kueleza kijito, lakini haiwezi kujibu mahali pa kijito.

Na hata ile shida ya lengalenga iko na dawa. Usichukue picha moja, chukua kumi na tano za kipwa kimoja. Mushitu inabaki karibu palepale, ama inashuka polepole. Bustani inapanda na kuanguka: mbegu, majani, mavuno, udongo uchi, tena mbegu. Kwa picha za kila siku 5, mapigo hayo yanaonekana kama moyo ku mashine ya hospitali. Hiyo ni memwari nzuri inayongoja mtu. Lakini inaomba ujue lengalenga inavunwa nyuma ya wiki ngapi, na hilo halimo mu programu yoyote. Linaulizwa kwa mama mwenye bustani.

3. Wanaokaa mu maji

Kama fishi inapima nyumba na satelite inapima mtaa, nani anapima wakaaji? Kusini mwa Afrika wamejibu swali hili zamani. Afrika ya Kusini iko na SASS, ambayo toleo lake la tano lilitangazwa na Dickens na Graham mwaka 2002. Unasimama mu maji na wavu wa sentimita 30 kwa 30, unapiga mawe kwa mguu, wadudu wanabebwa na maji mpaka mu wavu, unawamwaga mu sahani nyeupe, unawataja kwa familia. Kila familia iko na alama yake. Perlidae, wanaohitaji maji safi na hewa, wanapewa 12. Heptageniidae 13. Chironomidae, wale minyoo wekundu wanaovumilia mengi, 2. Minyoo ya tope, 1. Unajumlisha, unagawanya kwa hesabu ya familia, unapata wastani.

Zambia ilichukua njia hii, ikaitengeneza kwa mito yake, ikaiita ZISS. Tanzania iko na yake, TARISS, iliyotangazwa mwaka 2015. Zambia iko hapo Kasumbalesa, saa mbili za barabara. Mawe yetu na yao ni mkanda mmoja wa shaba. Sasa niulize: juu ya nini tunaagiza fishi kutoka Washington, na ile ya jirani hatujaivusha mpaka?

Wadudu hawa wana kitu ambacho fishi na satelite hazina, nacho ni kumbukumbu. Maji ya asidi inaweza kupita usiku mmoja na asubuhi pH imerudi sawa. Mdudu aliyeishi mwaka mzima chini ya jiwe hakurudi. Ephemeroptera, wale wadogo ambao wengi wao wana mikia mitatu, hawavumilii metali. Wakikosekana pale mawe ni mazuri, kivuli ni kizuri, maji ni angavu, basi nyumba iko lakini mwenye nyumba amekufa. Hilo pengo kati ya alama ya makao na alama ya wadudu njo habari yenyewe. Kama zote mbili ziko chini, tafuta mmomonyoko, kilimo, ujenzi. Kama makao iko juu na wadudu wako chini, panda juu ya mto, utakuta bomba.

Siwezi kusema SASS inaponya kila kitu. Ilitengenezwa kwa maji yanayotembea; mu dembo iliyosimama inachechemea. Haikuambii kama ni shaba ao kobalti ao dawa ya kuua wadudu ya maraishe. Kwa hilo utahitaji laboratwari. Lakini inakuambia mahali gani pa kupeleka pesa ya laboratwari, na pesa yetu ni kidogo.

4. Nani analipa

Mtu atasema: haya ni mabishano ya wasomi. Hapana. Angalieni nani anaandikwa mu matokeo. Fishi iko na mistari mitatu inayoona bustani ya mama, na haina hata mmoja unaoona shaba. Ripoti ikitoka, inasema: "sababu kuu ya kuharibika kwa kijito ni maraishe ya kingo". Ripoti hiyo inafika ku meza ya mkubwa. Njia rahisi ni gani? Kufukuza bamama. Wao hawana avoka, hawana biro ya utafiti, hawana wa kuwaandikia majibu. Nami sikatai kwamba kulima mpaka pembeni kunaangusha udongo mu mto; siye agronomi tunajua, na tunajua pia kuacha mistari ya matete ya mita chache kunasaidia. Lakini kosa la jembe na kosa la asidi si sawa, na chombo kinachoandika lile la kwanza peke yake kimeshachagua mshitakiwa kabla ya kushuka ku tereni.

Upande mwingine ni mbaya zaidi. Bustani zilezile, ramani ikiziona kijani, zinaandikwa afya. Mwaka 2013, Mpundu na wenzake, pia wa hapa, walitangaza kazi juu ya metali mu mboga za majani zinazouzwa mu masoko ya Lubumbashi. Mwaka 2009, Banza na wenzake walionyesha kobalti mu mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi. Maji inayomwagilia lengalenga ni sehemu ya hadithi hiyo. Kwa hiyo mama yuleyule anapotezwa mara mbili: fishi inamshitaki kwa uharibifu asioufanya peke yake, na satelite inamwambia kwamba mboga yake iko nzima.

Na maji haisimami hapa. Mto Lubumbashi unaingia mu Kafubu, Kafubu mu Luapula, Luapula mu ziwa Mwero. Tarehe 18 Februari 2025, ku Chambishi upande wa Zambia, bwawa la takataka za mgodi lilipasuka, maji ya asidi ikaingia mu kijito Mwambashi na mu Kafue, samaki wakafa. Mwezi wa 11 mwaka uleule, hapa kwetu, maji ya takataka ya kiwanda kimoja ilitoka ikaingia mu mitaa ya watu, na Waziri wa Madini akasimamisha kazi ya kampuni hiyo kwa miezi 3. Siku kama hiyo, watu wote wanauliza: mbele ya ajali, mto ulikuwa namna gani? Kama kitu tulicho nacho ni ramani ya kijani ya mwezi wa 8 na fishi ya alama 150, kampuni yoyote itasema: munaona, makao bado ni mazuri, kingo zimesimama, miti iko. Na itakuwa na karatasi yetu mkononi, yenye sahihi yetu.

Juu sahihi hiyo itakuwa ya mmoja wetu. Tunayo sheria juu ya maji, nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Sheria ya madini, ya 2002 na iliyorekebishwa 2018, inaomba somo la athari ku mazingira mbele ya mradi. Nani anajaza masomo hayo? Vijana wenye lisansi, wenye mkataba wa wiki sita, wanaotumwa ku tereni siku moja. Njo maana minaandika hapa, si mu jarida la maprofesa.

5. Basi tufanye nini

Sina programu ya mabilioni. Nina mambo matano, na mwanafunzi mmoja na wenzake wawili wanaweza.

Satelite itumiwe mbele, kuchagua mahali: pointi moja juu ya kiwanda, moja chini, moja chini zaidi. Na picha nyingi za kipwa kimoja, si moja.

Fishi ijazwe, ile ya tambarare kwa dembo, lakini alama zisijumlishwe bila kuonyesha kila mstari. Jumla inaficha, mistari inasema.

pH na uwezo wa maji kupitisha umeme vipimwe palepale. Kifaa cha mkononi kinaingia mu mfuko wa shati, na fakilte moja inaweza kukikopesha kwa promosio nzima. Maji ya mgodi inabebaka chumvi nyingi, na namba inaruka.

Wavu ushuke mu maji. Fundi cherehani yeyote wa Kenya ao wa Katuba anaweza kushona wavu wa matundu ya milimita moja ku fremu ya chuma.

Na tuulize wanaokaa pale. Mama mwenye bustani ya miaka 15 atakuambia: "Maji ya huku, kama inakuyaka na ile rangi, hatumwagiliake siku mbili, juu mboga inaunguaka." Hiyo ni data yenye tarehe, na hakuna satelite iliyoipiga picha.

Kisha kitu kigumu kuliko vyote: kurudi. Mita 100 zilezile, mwisho wa kipwa na mwisho wa masika, promosio hii na ile inayofuata. Memwari kumi juu ya vijito kumi, kila moja siku moja, hazitupatii mto hata mmoja. Memwari kumi juu ya mita 100 zilezile zinatupatia jibu kwa lile swali la siku ya ajali.

Wale walio na kipande cha mto karibu na mtaa wao, waandike hapa chini jina la kijito na mahali. Tukipata watatu wenye nia, wavu wa kwanza nitaulipia mimi.